Samaki Chini ya Kiti

Mama Viti hakuamini kitu chochote mpaka auone upande wake wa chini. Ukimpelekea sufuria, aliipindua. Ukimwomba ushauri kuhusu kiatu cha mtumba, aliangalia soli kabla ya ngozi. Mchungaji mmoja mgeni alipomletea saa ya ukutani, zawadi ya shukrani kwa viti alivyolipatia kanisa, aliigeuza palepale mbele yake, akafungua mahali pa betri, akachungulia, akafunga, ndipo akashukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano, Mchungaji. Karibu chai." Mchungaji alikishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyekaguliwa na kupita kwa bahati tu.

Kazi yake ilikuwa kukodisha. Alikuwa na viti mia tatu vya plastiki, tenti, spika nne kubwa, na jenereta moja yenye kikohozi. Kutoka ghala lake la mabati pale Suna, viti hivyo vilikwenda Rongo, Ndhiwa, Homa Bay, hata Mbita kwenye ukingo wa ziwa. Vilikaliwa na wafiwa, maharusi, madiwani na watoto waliotumwa kushikia watu wazima nafasi. Chini ya kila kiti alikuwa amechora samaki wa buluu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mchoraji. Samaki wengine walifanana na jani la muhogo, wengine na mguu wa mtoto mchanga. Tulipomcheka alijibu bila kuinua kichwa: "Sikuchora wa kupendeza. Nilichora wa kujulikana."

Naandika habari zake kwa sababu kuna mwaka nilitaka kuuza wimbo ambao ndani yake mna sauti ya viti vyake, naye hakunikataza. Angenikataza, ningeuuza siku hiyohiyo. Namjua Mama Viti, na ninajijua mimi.

Sisi tulikuwa Rundo. Watu wa Migori sasa wanalitamka jina hilo kama vile lilikuwapo tangu zamani, lakini mwanzoni lilikuwa jina la dharau tu alilotupa Mama Viti mwenyewe, kwa sababu tulikuwa tunarundikana kwake. Odhis alitengeneza midundo kwa kompyuta isiyokuwa na kitufe cha nafasi. Alikuwa akibonyeza shimo lake kwa kijiti cha kiberiti. Chacha, kijana wa Isebania, alifoka kwa sauti ya mtu aliyekulia mahali ambapo malori hayalali. Mimi niliandika mistari, na mara mojamoja niliipaza mwenyewe, sauti ikitetemeka. Wengine walikuja wakaenda. Hatukuwa na kampuni, hatukuwa na meneja, na studio yetu ilikuwa nafasi iliyoachwa katikati ya tenti zilizokunjwa.

Nafasi hiyo tuliipata hivi. Odhis alimtengenezea spika moja iliyokuwa inanguruma, na alipoulizwa anataka nini, akaomba kona ya ghala. Mama Viti aliigeuza kompyuta kwanza.

"Hii kitu inakula stima?"

"Kidogo tu, Mama."

"Na wewe unakula?"

"Kidogo tu, Mama."

"Uongo umeanza mapema. Ingia."

Hakuna fundi wa sauti ambaye angebuni chumba kizuri kuliko kile. Tenti zilizokunjwa zilipanda ukutani mpaka karibu na paa, nzito, zikinuka mvua na vumbi la nyumba za watu, na zilimeza mwangwi wote. Ukisema neno mle ndani lilikuwa linaanguka miguuni pako kama chungwa. Tatizo ni kwamba tenti zilikuwa na kazi yake. Katika sehemu zetu watu huzikwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo tulirekodi Jumatatu hadi Jumatano, na Alhamisi mchana ghala lilibaki tupu, likivuma kama pipa. Wimbo mmoja tuliurekodi kwa haraka siku ambayo tenti zote zilikuwa zimekwenda kwenye maziko makubwa kule Ndhiwa. Una mwangwi kama umeimbwa kisimani. Mpaka leo vijana humwuliza Odhis aliupataje mwangwi ule, naye hujifanya kuna siri. Siri ni kwamba kuna mzee alifariki.

Sauti ya viti nayo ilikuja kwa kosa. Tulikuwa tunarekodi, Chacha yuko katikati ya mstari, mlango ukafunguka. Mama Viti aliingia na mikono iliyojaa viti, akaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine. Kwach. Kwach. Kwach. Kwach. Alikuwa na mwendo wake, mlio wa pili mzito kuliko wa kwanza, wa nne umechelewa kidogo kwa sababu ya goti. Odhis alimpungia mkono aache. Aliuangalia mkono ule kama nzi.

"Mama, tunarekodi!"

"Mimi pia niko kazini. Nani alinikodishia kimya?"

Usiku ule Odhis alijaribu kuifuta sauti ile na hakuweza. Ilikuwa imeingia ndani ya mstari. Asubuhi alituita tusikilize. Alikuwa ameikata na kuiweka mwanzo kabisa wa wimbo, kabla ya ngoma yoyote. Kwach, kwach, kwach, kwach, halafu Chacha. Tulitazamana. Tangu siku hiyo hakuna wimbo wa Rundo uliotoka bila viti vinne mwanzoni. Tuliwaacha watu wanakili wapendavyo, kwenye simu, kwenye kadi, kwenye redio za pikipiki, hatukumzuia mtu. Vibanda vya kuwekea watu nyimbo kwenye simu vilitusambaza bila kutujua sura. Lakini popote wimbo ulipofika, Isebania kwa wabadilisha pesa au Mbita kwa wapara samaki, viti vinne viligongana kwanza na watu wakasema: hao ni wale.

Mama Viti alisikia habari hizo akasema tumemwiga samaki wake. Tulikataa. Kisha tukafikiri, tukaacha kukataa.

Alichukia muziki wetu, au ndivyo alivyotangaza. Aliuita kugombana na hewa. "Mnagombana na hewa tangu asubuhi, hewa imewafanyia nini?" Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, na aliimba nyimbo za ibada nje kabisa ya sauti, kwa imani kubwa. Hata hivyo, alijua mistari yetu yote. Tulimnasa zaidi ya mara moja akiosha viti huku midomo ikitembea. Chacha akimwimbia mstari na kuacha neno la mwisho, alilimalizia, kisha akakasirika kwamba amelimalizia.

Kitu kimoja hakukivumilia: uongo wa majigambo. Chacha alileta mistari kuhusu gari, jeusi, vioo vyeusi, linavyopita mji likiacha watu midomo wazi. Mama Viti alikuwa ananyoosha kamba za tenti. Akasimama.

"Gari iko wapi?"

"Mama, huu ni usanii. Kila msee anaimba gari."

"Nimekuuliza gari iko wapi."

"Hakuna."

"Una nini?"

Chacha alicheka, akatuangalia sisi tumsaidie, tukaangalia chini. "Nina baiskeli."

"Ina nini hiyo baiskeli?"

"Haina kitu. Haina hata kengele. Napiga kelele na mdomo watu watoke njiani."

"Si uimbe hiyo. Hiyo hakuna mtu atakuuliza iko wapi."

Chacha alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikuja na "Baiskeli Bila Kengele", na mimi nikaandika ubeti wa pili, wa msichana aliyebebwa kwenye kiti cha nyuma na kuwa ndiye kengele. Huo ndio wimbo uliotufungulia dunia yetu ndogo. Watoto wa shule waliuimba wakipita barabarani, wakitoa ile sauti ya Chacha ya kufukuza watu njiani. Kina mama wa soko waliutumia kufukuza mbuzi.

Nisimfanye mtakatifu, kwa sababu angeikataa picha hiyo akiipindua tu. Alikuwa mgumu kama msumari wa tenti. Aliwahi kutufungia nje wiki nzima kwa sababu mmoja wetu aliweka kikombe cha chai juu ya spika. Mtu akimsifu, alimtazama kama anayetaka kuazima kitu. Tena, mwanamke huyo aliyekodisha maikrofoni wilaya nzima hakuwahi kushika maikrofoni. Alidai zinambadilisha mtu sauti, na mtu akishabadilishwa sauti anaanza kuahidi vitu. Alikuwa akisimama nyuma kabisa, karibu na jenereta, na akitaka kusema jambo alilisema kwa koo lake, na lilifika.

Ndiye aliyetupa mashabiki wa kwanza, ingawa alisema anajaribu spika tu. Kila asubuhi ya shughuli, kabla wageni hawajafika, spika lazima zijaribiwe. Badala ya ile "moja mbili, moja mbili" ya siku zote, alimruhusu Odhis apige wimbo mmoja wa Rundo. Mmoja, si mbili, na akiona gari la kanisa linakunja kona, unazimwa. Wakati huo nyumbani kwa watu huwa wapo wapishi tu, wakata kuni, na wanaopanga viti. Kwa hiyo wa kwanza kutujua Homa Bay nzima walikuwa wapishi wa matanga. Wanawake wenye miiko mirefu kama makasia walitikisa vichwa juu ya sufuria za wali na kumwuliza Odhis, "Ile ya baiskeli iko?" Ukipendwa na wapishi, umependwa na kila mtu atakayekula.

Halafu kuna pakruok. Kwetu Wajaluo, kwenye ngoma, mtu anaweza kusimamisha muziki, akatoa chochote alicho nacho, akajisifu mbele ya watu, akawasifu na wenzake, kisha muziki ukaendelea. Wazee walifanya hivyo kwa nyatiti na kwa gitaa. Mama Viti ndiye aliyesema kwamba watu wanaofoka ni wale wale wanaojisifu, mbona tunajisifu peke yetu na waliokalia viti wananyamaza? Basi kwenye maonyesho yetu, yaliyofanywa mchana wa Jumapili kwenye uwanja wowote uliokubali, mtu yeyote aliweza kuinua mkono, Odhis akasimamisha mdundo, na mtu akasema yeye ni nani.

Siku moja mwendesha bodaboda mmoja alipanda, akashika maikrofoni, akatangaza yeye ndiye simba wa Migori, anaunguruma Suna wanasikia Isebania, hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma. Watu walipiga kelele. Kutoka nyuma, karibu na jenereta, sauti ikaja.

"Simba! Ile tenti yangu ulirarua kwa harusi yako, unashona lini?"

Uwanja ulilala kwa kicheko. Simba alishuka. Jumatatu alikuja ghalani na uzi na sindano ya gunia, akashona nusu siku, na Chacha akimfokea mistari ya simba anayeshona. Tangu hapo watu wakawa wanajisifu kwa uangalifu, na kwa sababu hiyo walijisifu vizuri zaidi. Mwanamke mmoja alisimama akasema, "Mimi ni yule ambaye chapati zake hazijawahi kubaki." Hakuna aliyempinga. Alipigiwa makofi kuliko sisi.

Tuliishi hivyo. Pakruok ilitulisha, watu walituita Homa Bay, Mbita, Rongo, na mara moja hata ng'ambo ya mpaka kule Sirare, ambako Chacha alilia machozi kwa sababu shangazi yake alikuwa mstari wa mbele. Kisha mtu wa kampuni akaja.

Alitoka Nairobi, kampuni kubwa ya muziki, shati limenyooka, sauti ya upole. Tulikutana naye hotelini mjini Migori, juu kidogo ya mto. Alitaka "Baiskeli Bila Kengele" na nyimbo nyingine zote tulizokwisha kufanya. Alisema wimbo utasafishwa, utasikika nchi nzima. Alisema jambo moja dogo: zile kelele za viti mwanzoni zitatolewa, zinachanganya wasikilizaji.

Odhis aliguna. Chacha aliuliza kama kuna soda nyingine. Mimi nilitaka kutia sahihi pale pale. Nitasema kwa nini, maana sina haja ya kujipamba: nilikuwa nimechoka kurekodi kwa kufuata ratiba ya vifo. Nilitaka chumba chenye mlango wangu. Nilitaka mtu mwenye shati lililonyooka aseme mimi ni mwandishi. Tulikuwa na kanuni kwamba hakuna anayetia sahihi mpaka wote wakubali, na kwa kuwa ghala lilikuwa la Mama Viti na viti vilikuwa vyake, wenzangu walisema nimpelekee makaratasi ayaone. Nadhani walinituma mimi kwa sababu walijua ndiye ninayehitaji kwenda.

Nilimkuta Ijumaa asubuhi akipakia lori.

"Mama, kuna makaratasi."

"Kuna viti mia mbili. Panda, tutaongea huko."

Huko kulikuwa nyumbani kwa watu, upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama kilimani unaliona ziwa kama bati jipya. Nilifanya kazi siku nzima. Nilipanga viti, nilishika kamba, niligawa maji. Makaratasi yalikuwa mgongoni mwangu ndani ya mkoba, yakilowa jasho. Hakuyauliza.

Mazishi yalipokwisha, tulianza kukusanya. Hapo ndipo nilipoiona kazi yake hasa. Kila kiti kilipinduliwa. Samaki, rundo. Samaki, rundo. Mwishowe vikawa mia na tisini na tisa.

"Mama, ni kimoja tu," dereva alisema. "Twende."

"Kama ni kimoja tu, si utakipata haraka?"

Dereva aliwasha sigara. Mimi na Mama Viti tulitembea nyumba kwa nyumba, goti lake likimwuma, akisalimia kila mtu kwa adabu ndefu, akiuliza watoto, akiuliza mvua, na mwisho akiuliza kiti. Nyumba ya sita, nyuma ya jiko, tulimkuta bibi kizee, mdogo kama ndege, amekaa juu ya kiti cha plastiki akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, nimefuata kiti changu," Mama Viti alisema kwa Kijaluo, taratibu.

"Hiki ni changu," bibi alijibu. "Nimekikalia tangu asubuhi. Mgongo haujauma."

Nilijua atamwonyesha samaki. Badala yake alikaa chini, kwenye udongo, akavuta upande mmoja wa ungo, akaanza kuchambua maharagwe naye. Walichambua. Waliongea habari za migongo, za watoto waliohamia Kisumu wakasahau namba za simu, za kiboko aliyekula mahindi ya jirani. Walicheka mpaka bibi akafuta macho kwa kanga. Maharagwe yalipoisha, Mama Viti alimwomba asimame kidogo. Akakipindua kiti, akamwonyesha.

"Unaona huyu?"

"Nani huyu? Ni jani?"

"Ni ngege."

"Masikini. Alipatwa na nini?"

Sikujizuia, nilicheka kwa sauti. Mama Viti hakunitazama. "Huyu ndiye jina langu," alimwambia bibi. "Kiti ni changu. Lakini nakuazima. Ukae nacho. Nikipita huku nitakuja kukisalimia, na siku mgongo usipohitaji kiti tena, watu wako wanirudishie. Sawa?"

Bibi alifikiri kama mtu anayefanya biashara. "Sawa. Lakini usije na haraka."

Tulirudi kwenye lori na viti mia na tisini na tisa. Dereva alihesabu, akamwangalia, akahesabu tena.

"Hamkupata?"

"Tumepata."

"Kiko wapi?"

"Kiko kazini."

Lori lilipokuwa linashuka Rongo ndipo aliponyoosha mkono. Nilimpa makaratasi. Aliyageuza kwanza, upande wa nyuma, uliokuwa mweupe. Aliyageuza tena, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, kwa muda mrefu, akiruka maneno ya Kiingereza kikubwa na kuyarudia. Kisha akanirudishia.

"Huyu mtu wa Nairobi. Anarudisha lini?"

"Anarudisha nini, Mama?"

"Nyimbo."

Nilitafuta. Nilisoma kurasa zote, lori likiruka mashimo, herufi zikiruka nazo. Kulikuwa na siku ya kuanza. Siku ya kurudisha haikuwapo popote. Mama Viti alilala kabla ya kufika Migori, mdomo wazi, na kwa kila shimo kichwa chake kiligonga bega langu.

Hatukutia sahihi. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilimnunia miezi mitatu. Nilimwona mwanamke mwenye viti aliyenifungia mlango wa nchi, tena bila hata kuusukuma, ili nisipate wa kumlaumu. Aliniona nimenuna, akaniletea viti vya kuosha. Niliviosha kwa hasira. Vilikuwa safi kuliko kawaida, na akasema hivyo.

Rundo haikufa wala haikulala. Odhis na Chacha walijifunza kusema neno lake: tunakodisha, hatuuzi. Redio ikitaka wimbo, inaupata kwa muda, na muda unaandikwa. Mtu wa tangazo la sabuni alitaka baiskeli. Alipewa msimu mmoja, ukaisha, akarudi tena kwa heshima. Viti vinne viko mwanzoni mwa tangazo la sabuni. Vijana wa Rundo wa leo siwajui wote kwa majina, wana kompyuta yenye vitufe vyote na nyumba yao ya kurekodia kule Homa Bay, na kuta zake wamezifunika kwa tenti kuukuu walizopewa na unajua nani. Kila aliyeingia alipitia ghalani Suna kwanza kuosha viti.

Mimi niliondoka. Nilikwenda Nairobi kuandika riwaya, na kwa miaka mitano niliandika moja.

Mwaka huu nilirudi nayo. Nilifika ghalani Jumanne, siku ya tenti kuwa nyumbani. Mama Viti alikuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa kitambaa, mwembamba kuliko nilivyomwacha, miwani imeshuka puani.

"Nyathina," alisema, mtoto wangu, neno ambalo aliwaitia hata madiwani. "Umenona. Nairobi wanakodisha chakula?"

"Shikamoo, Mama."

"Kaa. Si hapo, hicho ni cha kuoshwa. Kaa kwa hicho."

Kilikuwa kiti kimoja kilichotengwa kando na marundo, kimepauka upande mmoja kama kimekaa juani miaka mingi. Nilikaa. Alisubiri mpaka nitulie.

"Hicho kimerudi Machi. Watoto wa yule bibi walikuja nacho kutoka kule Homa Bay, wamekifunga kwa kamba kwa pikipiki. Wanasema waliosha nyumba, wakakipindua, wakaona jani la buluu. Wakauliza kijiji kizima."

Nilikishika kiti pembeni kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa tayari amenyoosha mkono wake.

Nilimpa kitabu. Jalada lake lilikuwa zuri, nilikuwa nimelipigania. Hakulitazama. Alikigeuza, akaangalia mgongo wake, akashusha miwani zaidi, akaweka kidole kwenye pembe ya chini.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ya wachapishaji, Mama."

Nje mtu alipita akipiga kelele kwa mdomo kama kengele, na hakuna kati yetu aliyecheka. Nilijua swali linalokuja, na ndilo lililokuwa limenitoa Nairobi. Kwa ajili yake nilikaa mwezi mzima nikibishana na watu wa upole, wenye mashati yaliyonyooka, juu ya mstari mmoja ambao hawakuwahi kuombwa na mwandishi wa kitabu cha kwanza.

"Umeuza?"

"Nimekodisha."

"Kinarudi lini?"

"Miaka saba. Imeandikwa. Ukurasa wa tatu, Mama, naweza kukuonyesha, makaratasi ninayo hapa."

Hakuyataka makaratasi. Aliinuka kwa kushikilia rundo la viti, akaenda nyuma ya tenti, nikasikia mkebe ukifunguliwa kwa kijiko. Alirudi na brashi. Aliweka kitabu juu ya mapaja yake, mgongo juu, na karibu na ile alama ya watu wengine akaanza kuchora, ulimi umetoka kidogo pembeni. Ilichukua muda.

Nilichungulia. "Mama, huyu anafanana na ndala."

"Amezeeka. Wewe ukizeeka utafanana na nini?" Alipuliza rangi, akanipa kitabu kikiwa bado kimelala kifudifudi. "Usikilaze na jalada juu mpaka akauke. Na ukitoka, niwekee hivyo viti ndani, mvua inakuja."

Nilivipanga. Kwach, kwach, kwach, kwach. Alisikiliza kutoka mlangoni, akatikisa kichwa.

"Cha nne umekiwahisha."

Niliondoka nikikibeba kitabu juu ya viganja viwili kama sinia ya mboga, nikatembea hivyo barabara yote ya Suna. Watu walinipisha. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama kando yangu, akakitazama, akanitazama.

"Dada, umebeba nini hivyo?"

"Samaki," nilimwambia. "Ngoja kwanza akauke."